Mixeur ya Kwetu Haitakuwa Esclave

Siku ya Yenga (Jumapili), 2 novembre

Estelle, mujukulu yangu, uko tayari? Andika basi, miye niseme. Mvula inaanza leo. Sio ile ya mwezi wa kumi ya kudanganya bantu, inamwanga matone tatu na kuacha vumbi inanuka. Ya leo iliangukia malata, bati za kanisa, mpaka Pasteur Alphonse alinyamaza katikati ya mahubiri, akabakia tu na kidole mu hewa. Shiye banamuke ba nyuma tulicheka. Miye njo nilianzisha, sikatae.

Mvula ilipopunguka, njo akatoa habari. Pasaka hii, chorale mbili za kanisa zitaimba pamoja na batakamata sauti mu mashini, baitume fasi yote. Chorale mbili: shiye Furaha, na bale ba Disanka, bantu ba Kasai. Disanka mu Tshiluba maana yake furaha. Kusema kweli, balituiba jina bakaivalisha nguo ingine.

Kama muntu hayue miye ni nani mu Furaha: niko mu bale bamama tisa benye banasimamaka nyuma. Tuko na mikro moja kwa bote, na ile moja Cathy anaishikaka kama mutoto ya kuzaa yeye. Mwaka yenye inapita batoto balitoa CD. Niliweka sikio, niliweka tena. Piano iko. Ngoma iko. Batoto ba mbele beko. Shiye? Hatuko. Hata kikohozi ya Cathy haiko! Na ile lwimbo kubwa ya kuulizana na kujibiana ni ya kwangu. Niliitunga ku jiko, na mwiko mu mukono. Miye siyue kuandika, haiko ku karatasi yoyote. Iko mu kichwa yangu na mu vichwa ya bale bamama munane, na Mungu anaanza kutuita moja moja. Kama Pasaka haitukamate, lwimbo itaingia na shiye ku kaburi.

Estelle anasema nisiseme mambo ya kaburi siku ya kwanza. Bon. Andika: mvula ni muzuri.

Siku ya posho (Jumamosi), 8 novembre

Chanda, mujukulu yangu, njo anashikaka mixeur ya Furaha, ile meza ya vifungo mingi yenye sauti zote zinapitia mbele ya kutokea ku baffle, zile sanduku za sauti. Leo nilimufuata. Namuambia: "Nionyeshe fasi yangu iko wapi pale."

"Kambo, hauna fasi."

"Namna gani sina fasi?"

Ananionyesha matundu. Kumi na sita. Kila sauti na tundu yake. Piano inakamata mbili. Gitare, basse. Ile ngoma ya kizungu peke yake inakula tano, kama nguruwe. Baimbaji ba mbele, Pasteur, inaisha. "Bamama niliwapatiaka ile ya mwisho," anasema, "na siku ingine ninaikata, juu Mama Cathy anakohoa mingi."

Anaikata! Kidogo nimupige na kiatu.

Kumbe eko na habari. Clovis, kijana ya Disanka mwenye anashikaka mixeur ya kwabo, alimuambia: ya kwabo na ya kwetu ni aina moja. Unakamata kable, unachomeka huku, unachomeka kule, mashini mbili zinakuwa moja. Kumi na sita na kumi na sita.

"Makumi tatu na mbili, Kambo. Kila mama na mikro yake."

"Kila mama?"

"Kila mama."

Mama we! Nilicheza pale pale, na hii goti ya kushoto yenye inanisumbulaka ikasahau kunisumbula. Kurudia ku nyumba, nilimuambia mwenye kuuzisha makala ya jiko: niko na mikro. Nilimuambia muntu ya taxi: niko na mikro. Ananiuliza, "Mama, unaiuzisha?" Muyinga.

Siku ya kazi moja (Jumatatu), 10 novembre

Inswa, kumbikumbi za mvula, zilitoka mu udongo, mabawa fasi yote. Tulizikaanga na chumvi. Niliimba nikikaanga. Jirani alipiga ukuta. Namuambia ninazoeza.

Siku ya posho, 6 décembre

Estelle, leo kamata chai kwanza, ni murefu.

Kable ilitoka Kasumbalesa, ku mupaka. Clovis aliibeba ndani ya koti juu ya mvula, sawa vile muntu anabeba kitoto ya mbwa. Ni ya bleu, na haipite unene ya kidole yangu. Nikauliza, bamama tisa batapita mule bote? Banasema ndiyo. Science!

Tulikusanyika ku mixeur. Mama Ngalula naye alikuya. Umuandike vizuri ule, juu tutakuwa naye mingi. Njo mukubwa ya banamuke ba Disanka. Murefu, na kitambaa ya kichwa yenye inaingiaka mu mulango mbele ya mwenyewe. Tulizeekea mu kanisa moja na siyaonja hata siku moja bukari yake, ule ugali ya kwabo.

Chanda anafinya kwake, Clovis anafinya kwake. Mashini inauliza kitu ku kioo. Chanda anasoma chini chini.

"Sema na nguvu," namuambia.

"Inauliza gani itakuwa maître, na gani itakuwa esclave."

"Esclave njo nini?" Ile Kifaransa nilikuwa ninaiyua. Nilitaka tu asikie haya ya kuisema.

"Mutumwa, Kambo. Maître njo bwana yake."

Bantu bote banatazama ile mashini.

Clovis anarukia mbio: "Bamama, ni neno ya mashini tu! Kila mashini iko na saa ndani, inapigapiga mbio kama moyo ya ndege. Ukizifunga pamoja, moja inatoa kipimo, ingine inafuata. Kila moja ikifuata saa yake, sauti inaharibika. Njo ile tu."

"Basi ya kwetu itatoa kipimo," Ngalula anasema. "Ni mupya."

"Mupya! Ya kwetu njo ilifika ya kwanza mu hii kanisa."

"Kufika ya kwanza haiko kuyua njia, Mama Musonda."

"Na kufunga kitambaa kubwa haiko kuwa na kichwa, Mama Ngalula."

Batoto banafunika midomo. Pasteur Alphonse anainua mikono: "Bamama, bamama, ni chuma!"

"Kama ni chuma tu, Pasteur, tuandike jina yako pale ku esclave, tuone."

Alienda kutafuta parapluie yake ya mvula.

Nikasema mbele ya bote: mixeur ya kwetu haitakuwa esclave. Ngalula naye akasema vile vile, mu Tshiluba kwanza, kisha mu Swahili, ili bantu bote basikie mara mbili. Bantu ba maneno, bale!

Jeudi, 25 décembre

Noeli. Kuku, bukari, mvula. Ngalula alinisalimia ku mulango ya kanisa. Nilimujibu. Ile tu.

Siku ya kazi moja, 12 janvier

Siku ya posho njo jaribio ya kwanza. Pasteur alisema bijana bapange mambo ya maître bo wenyewe, bazee batoke mule. Vizuri. Nilitoka mule. Nilimuita Chanda ku jiko, nikamupatia sombe, majani ya muhogo, na samaki, nikamuambia pole pole: "Mwana, ile siku, weka ya kwetu maître."

"Kambo, Clovis atakasirika."

"Nani atamuambia?"

Alikula sombe yote. Ni kusema alikubali. Estelle, ile usiandike. Unaandika? Acha basi.

Siku ya posho, 17 janvier

Bantu bangu!

Kanisa ilijaa. Courant ya umeme haikukuwa, baliwasha groupe, ile jenereta. Bamama tisa, mikro tisa, moja kwa Furaha na nane ziliingia kwa Disanka juu matundu yetu yaliisha, na ya miye iko mu zile nane. Sawa. Mikro ya miye, yangu peke yangu, ku muti yake. Niliishika kama bibi-arusi anashika maua.

Tunaanza kuimba. Na mu baffle: tak. Tak tak. Tatatak. Kama muntu anavunja mifupa ya kuku na meno. Sauti inakuya, inakatika, inakuya.

Nikapiga kelele: ni inswa mu kable! Cathy anasema ni radi. Ngalula anasema kikohozi ya Cathy. Tunaanza tena. Tak. Tatatak. Pasteur anashika masikio. Miye natazama Chanda: anatazama viatu yake. Natazama Clovis: yeye pia ku viatu.

Pasteur anaenda mwenyewe kusoma kioo ya kwetu. Kisha ya kwabo. Anarudia ya kwetu. Anaanza kucheka, lakini sio kicheko ya furaha.

"Zote mbili zinaandika maître! Masaa mbili zinapigana! Nani aliwaambia?"

Chanda anasema, "Kambo." Clovis, mu dakika ile ile, anasema, "Kaku." Kaku, ni kusema kambo, njo vile Clovis na batoto ba kwabo banamuitaka Ngalula.

Miye na Ngalula tukatazamana. Nilitaka kukasirika juu alifanya siri. Ni pale njo nilikumbuka ya kwangu.

Pasteur alikata maneno: kama mwezi wa tatu mashini hazijapatana, atatumia mixeur moja, matundu kumi na sita, na bamama ba nyuma bataimba na midomo yabo, bila mikro. Sikulala. Hata chai ilinishinda.

Siku ya kazi tatu (Jumatano), 4 février

Mvula tokea asubui, njia inakuwa muto. Na nani anabisha hodi? Ngalula, viatu mu mukono, na boga ya pori, uyoga, mu kitunga, ile ya nyeupe kubwa kama sahani. Bale bantu banaleta uyoga kwa muntu mwenye banamutukana! Nikamupatia kiti.

Tulisafisha boga kwanza. Kisha anasema: "Mama Musonda, unawaza miye ni mwenye kiburi."

"Ndiyo."

"Baba yangu alifika huku na train, kufanya kazi ya kuchimba mu mugodi. Miye nilizaliwa huku. Mwaka ya makumi tisa na mbili, wakati balifukuza shiye bantu ba Kasai, nililala na batoto inje ku gare ya train, bantu banapita banatuita majina. Majina ya wadudu. Siku ile nilisema: nikipona, hakuna muntu wala kintu ya kwangu itaitwa jina ya chini tena. Hata sufuria."

Nilikuwa hapa siku zile. Nilibaona ku gare. Ile siyaiambia muntu vizuri, na leo pia sikuweza kusema mingi. Nikamuambia tu: "Kwetu iko kambo mwanamuke, muzazi ya bazazi betu, mwenye baliuzisha, kala, juu ya kupata chumvi. Mpaka leo, mu kilio, bamoja banaweza kunong'ona: bale ni uzao ya mutumwa. Ukisema esclave, miye nasikia jina yake."

Akaacha kisu. "Ni kusema," anasema, "hatukuwa tunapigana shiye mbili."

Boga ilikuwa tamu, ya mafuta, na nyanya. Tulikula mu sahani moja. Akaanza kunisema namna ninapika bukari nguvu sana, mawe ya kujenga. Nikamuambia ya kwao ni uji yenye inajidanganya. Tulicheka mpaka Estelle alikuya kutazama.

Na pale, vidole mu sahani, neno ilinikuyia. "Ngalula, mu lwimbo, iko mwenye kuanzisha, na iko mwenye kuitikia. Mwenye kuitikia eko mutumwa?"

"Aaa! Bila muitikiaji, muanzishaji ni kichaa, anajisemesha mu njia."

"Basi njo ile. Moja inaanzisha. Ingine inaitikia."

Alipiga mapaja. Aliondoka mu mvula anaimba.

Siku ya posho, 7 février

Chanda na Clovis walibandika ku kila mashini kikaratasi ya maneno mapya yote mbili, muanzishaji na muitikiaji. Hakuna muntu atasema tena ile neno ingine. Hata Pasteur anasema "muitikiaji". Tulipanga vizuri? Tulisahau kupanga gani ni gani. Bantu bote walikuwa na furaha mingi.

Siku ya kazi moja, 9 mars

Nilimuita Chanda ku jiko. Sombe tena. Namuambia: "Ngalula aliteseka. Weka ya kwetu muitikiaji, ya kwabo ianzishe. Na usimuambie, asione sawa vile ninamuhurumia."

Nikalala vizuri, kama muntu mwema.

Siku ya posho, 14 mars

Ah, Estelle.

Kanisa ilijaa tena. Bamama tisa, mikro tisa. Nikavuta pumuzi, nikaimba. Hakuna. Hata tak moja haiko. Baffle ni kimya kama maduka ya siku ya maziko. Ku mashini zote mbili taa nyekundu inawaka, inawaka.

Clovis anasoma. Anaweka mikono ku kichwa. "Zote mbili zinangojea. Zote mbili ni baitikiaji!"

"Nani aliwaambia?" Pasteur analia.

"Kambo." "Kaku."

Kumbe Ngalula naye alimuita Clovis ku jiko. Alimupatia nini, siyui, labda matamba yake, ile sombe ya kwabo ya mafuta mingi.

Bantu walicheka mpaka banalala ku viti. Pasteur hakucheka. "Imeisha. Mixeur moja. Bamama, mutaimba bila mikro. Samahani." Cathy akaanza kulia na kukohoa pamoja.

Siku ya kazi tatu, 18 mars

Nilienda kwa Ngalula. Mvula ilinikuta mu njia, yenye haina huruma. Ninafika ku mulango yake, na yeye pia anatoka soko, kitunga ku kichwa. Tukakutana pale pale, mulango wazi.

"Ingia, Mama Musonda. Mugeni anatanguliaka."

"Hapana, mwenye nyumba njo anaonyesha njia. Pita weye."

"Kwetu mugeni hafuate."

"Kwetu mugeni hapite mbele ya mwenye kitanda."

"Ingia basi!"

"Tangulia basi!"

Mayi inaingia mu shingo, inatokea ku vidole ya miguu. Clovis, ndani, na koti kavu, anapiga kelele: "Bamama, mutakufa ku mulango! Moja apite!"

Njo pale nikasikia. Moja apite. Natazama Ngalula, kitambaa yake yote imeanguka ku masikio kama jani ya ndizi. Yeye pia alisikia. Akafungua mudomo.

Sikumuachia nafasi. Nilimusukuma na mikono mbili, kitunga na yote. Akaingia ndani kama gunia ya unga! Miye nikabakia inje. Akageuka, nikawaza atanitukana. Hapana. Alisimama katikati ya nyumba yake, mayi inatiririka, akainua kichwa, akaimba:

"Nani eko ku mulango?"

Lwimbo yangu. Siyamufundisha hata siku moja. Aliisikiaka miaka yote toka upande ingine ya kanisa, na aliikamata yote, mpaka ile kona ndogo ya sauti yenye Cathy angali anaipoteza.

Nikajibu, mu mvula: "Ni shiye, fungula."

Tukaimba mpaka mwisho. Yeye ndani, miye inje. Jirani walitoka kuona. Kisha nikaingia, namuambia: "Pasaka, weye utaanzisha. Na mashini yako itaanzisha."

"Lwimbo ni yako."

"Njo sababu. Mwenye lwimbo anayua vizuri fasi ya kuitikia."

Alinipatia liputa yake, kitenge ya kavu. Ni muzuri. Sitairudisha.

Siku ya posho, 28 mars

Tulimuomba Pasteur mara moja tu, ya mwisho. Alikubali juu miye na Ngalula tulisimama mbele ya mulango ya nyumba yake na hatukutoka. Chanda anasema: "Ya kwetu inaitikia." Clovis anasema: "Ya kwetu inaanzisha." Taa mbili za kijani. Sauti ilitoka safi kama mayi ya chemchem. Chanda aliruka, goti yangu nayo ilitaka kuruka.

Siku ya Yenga, 5 avril

PASAKA. Estelle, andika kubwa. Makumi tatu na mbili! Mvula ilipiga malata, shiye tukapiga malata na sauti toka chini. Courant ilikatika, groupe ikashika, mashini hazikupoteza hata neno moja. Bantu walisimama ku madirisha. Siwezi kusema mingine, sauti imeisha yote. Niliimba.

Siku ya posho, 11 avril

Leo Chanda alikuya na sauti zote za Pasaka mu ordinateur, ile kompyuta. Ngalula alifika mbele yake, na boga ya mwisho ya mvula hii. Tukakaa. Anaiweka. Tunasikia kila kintu: piano, ngoma ile nguruwe, batoto, bamama.

"Ule njo miye!" nasema.

"Hapana, ule ni Cathy," Ngalula anasema. "Weye ni ule wa chini, mwenye kama mulango inalia."

"Mulango inalia! Mulango ni weye!"

Chanda anacheka. "Kambo, kila muntu alikuwa na tundu yake. Ninaweza kukata bote, nikuache peke yako."

"Peke yangu? Bila muntu?"

"Bila muntu."

Akafinya. Piano ikaenda. Ngoma ikaenda. Ngalula akaenda, Disanka yote, Furaha yote. Ikabakia mvula kidogo ku malata, mbali. Kisha mwanamuke muzee anasema:

"Ni shiye, fungula."

Siyasikiaka ule mwanamuke, maisha yangu yote. Sauti yake iko na mikwaruzo. Iko na nguvu. Kisha kimya, ile fasi ya kungojea. Muntu anasimama inje, hayue kama batamufungulia. Kisha tena: "Ni shiye, fungula." Kimya. Machozi ilinitoka na sikupangusa.

Ngalula alikuwa na boga mu mudomo. Akameza. Akaweka sahani chini. Mu kimya yenye ilifuata, pale pale ku kiti yangu ya plastiki, akaingia na sauti yake ya kweli:

"Nani eko ku mulango?"

Na mashini ikamujibu, na mudomo yangu.

Chanda alinyoosha mukono aizime. Nikamupiga vidole. Acha, namuambia, hatuyaisha.